Kupunguza Gharama ya Kawi Katika Vivungulio vya Biashara Mombasa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wakulima wa Kisauni, Bamburi, Shanzu, Likoni na majirani wa Mtwapa na Kikambala wanaolima nyanya, pilipili hoho, matango au miche ndani ya kivungulio, au grinihausi kama wengi tunavyoita. Mifano mingi imepigiwa hesabu kwa kivungulio cha mita 8 kwa 30, kwa sababu ndicho kinachouzwa sana. Ukiwa na vinne, zidisha kwa nne.

Ushauri mwingi unaozunguka kuhusu kawi ya vivungulio ulitungwa kwa ajili ya nchi za baridi, au kwa Naivasha na Limuru. Pwani shida ni joto na unyevu wa hewa. Anayefuata ushauri wa bara neno kwa neno hununua mashine ambazo hewa ya hapa haiziruhusu kufanya kazi.

## Mambo ya msingi

1. Stima ya kivungulio huishia wapi hasa?

Ukiwa na chumba baridi, mara nyingi ndicho kinachoongoza. Hufuata feni kama unazo, halafu pampu. Taa, simu na kidhibiti cha umwagiliaji ni vidogo mno, visikupotezee muda.

Hesabu ni nyepesi: kilowati za mashine, zidisha kwa saa inazofanya kazi, unapata uniti. Feni mbili za kilowati 1.1 zikizunguka saa 8 kwa siku hula uniti 17.6, yaani karibu 530 kwa mwezi. Pampu ya kilowati 0.75 inayofanya kazi saa 2 hula uniti 1.5 kwa siku, 45 kwa mwezi. Mkulima mwenye feni hizo anayehangaikia pampu kwanza ameshika mkia badala ya kichwa.

2. Kivungulio cha Mombasa kinahitaji kupashwa joto?

Hapana. Hata Julai na Agosti usiku hukaa karibu na nyuzi 20 hadi 22. Shamba la Oserian kule Naivasha lilitumia joto la mvuke wa ardhini katika vivungulio vya maua, na lilikuwa na sababu: usiku wa Naivasha ni baridi na unyevu huleta kuvu. Huku ukiuziwa hita, pazia la kuhifadhi joto au nailoni ya tabaka mbili, rudi nyumbani na pesa zako.

3. Nianzie wapi kama sina pesa za mradi mkubwa?

Anza na mita. Kwa siku 7 andika usomaji wake saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Kama usiku, wakati hakuna anayemwagilia, mita bado inasonga na huna chumba baridi, kuna kitu kinavuja: mara nyingi ni pampu ya kujiwasha inayoitikia tone la bomba bovu, au boya la tangi lisilofunga.

Wiki ya pili zima kila mashine moja moja kwa saa nzima uone mita inabadilika vipi. Mita ndogo ya ziada kwenye laini ya chumba baridi na nyingine kwenye pampu ni matumizi mazuri ya pesa kuliko kifaa chochote utakachonunua baadaye. Andika pia kilo ulizovuna, kwa maana uniti kwa kilo ndiyo namba ya kufuatilia. Bili inaweza kushuka kwa sababu tu mavuno yameshuka.

4. Kwa nini ndani huwa na joto kuliko nje hata nikifungua pande zote?

Jua la mchana wa Mombasa linaweza kufika wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Nailoni ikipitisha asilimia 70, sakafu ya mita za mraba 240 inapokea takriban kilowati 168 za joto. Ni kama kuwasha majiko ya koili 84, kila moja la kilowati 2, ndani ya banda moja. Hakuna kiyoyozi cha kushindana na hilo kwa bei ya nyanya.

Joto hilo lina njia tatu za kulishughulikia: kulizuia lisiingie (kivuli), kulitoa kwa upepo, na kuliacha mimea ilimeze kwa kutoa mvuke kwenye majani. Njia ya tatu ni ya bure na ina nguvu kubwa, ndiyo maana kivungulio chenye mimea mikubwa iliyonyweshwa vizuri huwa na nafuu kuliko chenye miche iliyopandwa jana. Mmea wenye kiu hufunga vitundu vya majani na joto hupanda hapo hapo.

Jambo moja likae akilini, kwani maswali mengi ya chini yanalitegemea: upepo peke yake hauwezi kushusha joto la ndani chini ya lile la nje. Kazi yake ni kukusogeza tu karibu na joto la nje.

## Jengo, upepo na kivuli

5. Kivungulio kielekee wapi?

Urefu wake uende kaskazini hadi kusini. Kusi, kuanzia takriban Aprili, huvuma kutoka kusini-mashariki. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, hutoka kaskazini-mashariki. Pepo zote mbili zina mashariki ndani yake, hivyo ubavu mrefu unaotazama baharini hupokea upepo karibu mwaka mzima. Mwelekeo huo pia hufanya kivuli cha nguzo na mifereji kitembee kutoka upande mmoja hadi mwingine badala ya kulalia mstari uleule wa mimea siku nzima.

Kama paa lina mdomo wa kutolea hewa juu, mdomo huo utazame magharibi. Upepo ukipita juu ya paa kutoka baharini huvuta hewa ya moto nje. Ukiutazamisha mashariki, upepo unaisukuma hewa hiyo irudi ndani na mvua ya masika inaingia nayo.

Vivungulio viwili visibanane. Kile cha nyuma kikijificha kwenye kivuli cha upepo cha mwenzake, kitakuwa na joto zaidi kila siku ya maisha yake. Acha angalau mita 8 hadi 10, zaidi kama kuna ukuta au michongoma mirefu upande wa bahari.

6. Nimeuziwa kivungulio chenye kuta za mita 2.5. Kinatosha?

Kwa bara, ndiyo. Kwa Mombasa ni kifupi. Hewa ya moto hupanda, na paa likiwa chini inakaa kwenye vichwa vya mimea. Ukijenga upya, ukingo wa paa uwe mita 4 au zaidi na mdomo wa juu uende urefu wote wa kivungulio. Jumla ya nafasi za kupitisha hewa, pande na juu, isipungue asilimia 25 ya sakafu: kwa mita za mraba 240 hiyo ni mita za mraba 60.

Kilichokwisha kujengwa kinaweza kuinuliwa kwa kuongeza vipande vya nguzo. Nguzo za mvinje ni rahisi kupatikana pwani na zinafaa, ilimradi sehemu ya ardhini imepakwa dawa ya mchwa na haigusi udongo moja kwa moja. Mabomba ya chuma yawe yaliyochovywa kwenye zinki ya moto, kwa kuwa hewa ya chumvi haina huruma na rangi ya kawaida.

7. Neti ya wadudu inaziba hewa. Niitoe?

Usiitoe. Ukiitoa nzi weupe wataingia na virusi, nawe utatumia kwenye dawa ulichookoa kwenye feni. Badala yake ongeza eneo la neti. Neti ya mashimo 50 kwa inchi hupunguza sana upepo unaopita, basi eneo lake liwe mara 2 hadi 3 ya uwazi unaohitaji. Hilo linawezekana kwa kuishusha ukuta wote mpaka chini, au kuitoa nje kama kibaraza kidogo.

Halafu ioshe. Vumbi na chumvi huziba matundu polepole na jicho halioni. Mwagia maji safi kutoka ndani kwenda nje, mara moja kwa mwezi. Wakati wa kaskazi kavu, kila wiki 2. Hakuna kazi nyingine ya dakika 40 inayorudisha upepo mwingi hivyo bila senti moja ya stima.

8. Kivuli: neti au chokaa?

Vyote vinafaa, kwa nyakati tofauti.

Neti ya kivuli ya asilimia 30 hadi 40 inatosha nyanya na hoho. Miche inaweza kupata 50. Itundike nje, sentimita 30 hadi 50 juu ya nailoni. Neti nyeusi iliyotundikwa ndani hushika jua, inapata moto, na kuutoa moto huo palepale juu ya mimea, kwa hiyo umepunguza mwanga na joto limebaki. Kosa hili ni la kawaida mno. Kama lazima iwe ndani, nunua ile yenye nyuzi za alumini zinazorudisha jua.

Kupaka paa jeupe ni rahisi zaidi, na masika huliosha lenyewe wakati mawingu yanakuja na mwanga unahitajika. Tumia rangi maalumu ya vivungulio au unga wa kalisi kabonati. Usitumie chokaa ya kujengea: ni kali, na ikichuruzika hula zinki ya mabomba. Paka Desemba au Januari, kabla ya joto la Februari na Machi.

Juni hadi Agosti ondoa kivuli. Mmea ukikosa mwanga hutoa matunda machache, na kawi uliyookoa itakuwa imegawiwa kwa kilo chache.

9. Nailoni inaisha haraka kuliko ilivyoahidiwa. Kwa nini?

Nailoni ya maikroni 200 iliyotiwa kinga ya jua hudumu miaka 3 hadi 5. Ikichanika kwenye mistari ya mabomba tu, chanzo ni chuma kilichopata moto. Paka mabomba rangi nyeupe pale yanapoigusa, au yafunge kwa utepe mweupe. Dawa zenye salfa pia huiharibu. Nailoni iliyochafuka hupitisha mwanga kidogo, kwa hiyo ioshe kabla ya kufikiria kuibadilisha.

10. Kwa Mombasa, si afadhali banda la neti tupu?

Kwa mazao mengi, ndiyo, na inafaa kusemwa waziwazi. Mchicha, sukuma wiki, biringani, bamia na hata matango hustawi chini ya banda la neti lisilohitaji feni kamwe. Linalokosekana ni kinga ya mvua, na nyanya ikilowa majani wakati wa masika hushikwa na bakajani.

Njia ya kati ni paa la nailoni na kuta za neti pande zote nne, bila pazia la nailoni pembeni. Mjenzi akisisitiza kukufungia mapazia ya kukunja, muulize utayafunga mwezi gani.

Tena, chagua mbegu kabla ya mashine. Nyanya za kawaida hudondosha maua usiku ukizidi nyuzi 21 au 22 kwa muda mrefu, na hapa usiku wa Februari huwa juu ya hapo. Aina zinazovumilia joto hupunguza hitaji la kupoza kuliko feni yoyote.

## Feni, pedi na ukungu wa maji

11. Nahitaji feni ngapi kwa mita 8 kwa 30?

Kwanza hakikisha umemaliza swali la 5 hadi la 8. Wengi wakifika hapo hawahitaji feni. Ukihitaji, kanuni ni kubadilisha hewa yote mara moja kwa dakika. Mita za mraba 240 kwa kimo cha wastani cha mita 3.5 ni mita za ujazo 840, yaani 50,400 kwa saa. Feni kubwa ya kipenyo cha mita 1.3 hivi, yenye mota ya kilowati 1.1, husukuma takriban 36,000 hadi 44,000 kwa saa bila kizuizi, na neti hupunguza. Mbili zinatosha.

Kwenye karatasi ya maelezo ya feni, soma kiasi cha hewa pale panapoonyesha kizuizi cha paskali 25 au zaidi, si sifuri. Linganisha feni kwa mita za ujazo kwa kila wati. Feni pana inayozunguka polepole hushinda ndogo yenye kelele.

12. Mfumo wa pedi zenye maji na feni unafanya kazi pwani?

Pedi ni ukuta unaoloweshwa maji ili hewa inayovutwa na feni ipite ndani yake. Mfumo huu unafanya kazi kidogo kuliko unavyoahidiwa. Maji hupoza hewa kwa kugeuka mvuke, na hewa iliyojaa mvuke tayari haina nafasi. Mchana wa nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 65, joto la chini kabisa ambalo maji yanaweza kuleta ni karibu nyuzi 26.6. Pedi nzuri hufikia asilimia 80 ya pengo hilo, kwa hiyo hewa inaingia ikiwa na nyuzi 27.7 hivi: nafuu ya nyuzi 4.3. Asubuhi yenye nyuzi 28 na unyevu wa 85, nafuu ni nyuzi 1.6 tu, na unyevu ndani unakaribia kueneza magonjwa.

Ongeza bei ya maji. Kwa kivungulio hiki pedi huvukiza takriban lita 100 kwa saa, lita 800 kwa siku ya saa 8, wakati mimea 1,000 ya nyanya hunywa lita 1,000 hadi 2,000. Maji ya kisima chenye chumvi huacha ukoko kwenye pedi, na baada ya muda hewa haipiti.

Kwa miche ya thamani au maua, na mfumo ukiwashwa saa 5 asubuhi hadi saa 10 jioni pekee, unaweza kujilipa. Kwa nyanya za soko la Kongowea, hapana.

13. Na mashine ya ukungu wa maji?

Mpaka wake ni uleule wa swali la 12. Ile ya shinikizo kubwa, takriban baa 70, hutoa matone madogo yanayovukia kabla ya kutua, lakini vijitundu vyake huzibwa upesi na maji ya chokaa ya miamba yetu ya matumbawe. Ile ya shinikizo dogo hulowesha majani, na majani yaliyolowa ni mwaliko wa kuvu.

14. Feni zinazunguka mchana kutwa lakini joto halishuki.

Angalia kwa mpangilio huu:

- Thamostati imewekwa chini ya joto la nje. Nje kukiwa 31 na wewe umeweka 28, feni hazitazima mpaka jioni na hazitafika. Ya kwanza iwake juu ya joto la nje, ya pili nyuzi 2 juu yake, na zote zizime kabla ya kufika joto hilo la nje.
- Kipima joto kipo juani. Kiweke kwenye kimo cha vichwa vya mimea, ndani ya kijisanduku cheupe chenye matundu. Kilichopigwa na jua husoma nyuzi 5 au zaidi za uongo.
- Kuna uwazi karibu na feni. Feni huvuta hewa kutoka tundu la karibu. Mlango ukiwa wazi kando yake, ncha ya pili ya kivungulio haipati kitu. Hewa iingie upande mmoja na kutoka upande wa pili.
- Mkanda umelegea, au mabapa ya feni yana uchafu. Mkanda unaoteleza hunuka mpira na kuacha unga mweusi.
- Volti ni ndogo. Pima wakati feni zote zinazunguka. Ikishuka sana chini ya 240, au 415 kwa feni za fezi tatu, waya ni mwembamba kwa umbali huo. Mota itapata moto, itakula stima zaidi na kuungua mapema.

15. Kidhibiti cha kasi ya mota kinaokoa kiasi gani?

Kingi, kwa feni. Nguvu inayohitajika hufuata kipeo cha tatu cha kasi: kasi ya asilimia 80 inahitaji nusu ya nguvu hivi, kasi ya nusu inahitaji thumuni. Kuendesha feni mbili kwa kasi ya 80 kuna faida kuliko moja kwa kasi yote kisha kuongeza ya pili. Kifunge ndani ya sanduku lisiloingiza chumvi, kivulini. Feni ya fezi moja yenye kapasita haipatani na vidhibiti vingi vya aina hii. Muulize fundi kabla ya kununua.

## Pampu na maji

16. Pampu ya ukubwa gani?

Anza na kimo. Maji yako mita 25 chini, tangi mita 4 juu, msuguano wa bomba mita 3: jumla 32. Unataka mita za ujazo 3 kwa saa. Zidisha 3 × 32 × 2.725 na unapata wati 262 za kazi halisi. Pampu na mota vyenye ufanisi wa asilimia 40 vitakula wati 650 hivi. Pampu ya kilowati 0.75 inatosha.

Kinachotokea mara nyingi ni fundi kuleta ya kilowati 1.5 "kwa usalama", kisha bomba linabanwa kwa vali. Stima unailipia na maji unayazuia. Bomba jembamba ni kosa la upande wa pili: kutoka inchi moja na nusu hadi inchi moja, msuguano hupanda zaidi ya mara 7 kwa maji yaleyale.

17. Bili ya pampu imepanda na simwagilii zaidi.

Filta. Shinikizo kabla na baada yake likitofautiana kwa zaidi ya baa 0.5, ioshe. Kisha vitundu vya matone: maji ya matumbawe huacha chokaa kwenye mipira, mkulima anaongeza saa za kumwagilia ili mwisho wa mstari upate. Safisha kwa asidi ya fosforiki iliyochanganywa, kisha fungua ncha za mipira utoe uchafu. Asidi hutiwa ndani ya maji, kamwe usitie maji ndani ya asidi. Vaa glavu na miwani. La mwisho, pima kina cha maji kisimani: wakati wa kaskazi hushuka, na kila mita ni stima.

18. Kisima changu kina chumvi. Ninunue mtambo wa kuchuja?

Kuchuja maji ya chumvi ya kisima hula takriban uniti 0.5 hadi 2.5 kwa mita ya ujazo, na ya bahari uniti 3 au zaidi. Kabla ya hapo tazama paa lako. Mvua ya Mombasa ni karibu milimita 1,000 kwa mwaka. Paa la mita za mraba 240, ukikusanya asilimia 80, ni mita za ujazo 192. Haitoshi mwaka mzima, lakini ukichanganya na ya kisima chumvi hushuka hadi kiwango ambacho zao linavumilia, bila mtambo wowote.

Matangi yawe kivulini. Tangi jeusi juani huleta maji ya moto kwenye mizizi saa ile mmea unapotaka nafuu.

## Sola

19. Paneli ngapi kwa pampu?

Mombasa kilowati 1 ya paneli hutoa karibu uniti 4 kwa siku ya kawaida, chini ya hapo msimu wa mawingu ya kusi. Pampu ya kilowati 0.75 ifungiwe paneli za kilowati 1 hadi 1.1. Pampu ya mkondo mnyoofu, yaani ya DC, isiyohitaji inverta ni bora kwa kazi hii.

Kwa pampu usinunue betri. Tangi la lita 5,000 juu ya mnara ni betri isiyokufa: jaza mchana, nywesha kwa mteremko. Betri ziachie chumba baridi, na hata hapo soma swali la 23 kwanza.

Lakini punguza matumizi kabla ya kufunga sola. Kufungia sola feni zinazopigana na neti chafu ni kununua paneli za kusukuma vumbi.

20. Nizifunge juu ya kivungulio?

Hapana, zitanyima mimea mwanga na fremu haikujengwa kubeba uzito huo wala upepo wake. Paa la stoo au la chumba baridi linafaa, na paneli hulitilia kivuli. Ziinue sentimita 10 hadi 15 kutoka kwa bati hewa ipite chini: kila nyuzi juu ya 25 hupunguza nguvu kwa asilimia 0.3 hadi 0.4, na paneli iliyolalia bati huweza kufika nyuzi 60. Zielekee kaskazini kwa mwinamo wa nyuzi 10, si kwa ajili ya jua, ambalo hapa hupita karibu utosini, bali mvua ioshe uchafu.

Bolti ziwe za chuma cha pua cha daraja la 316. Za kawaida zinashika kutu mwaka wa kwanza. Ajiri fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli.

21. Paneli zimepunguza nguvu ghafla.

Angalia vitu viwili vya kwetu: kunguru na mnazi. Kinyesi cha kunguru kinachofunika seli moja huifanya ipate moto na kuvuta chini mstari wote. Kuti moja linalotupa kivuli saa 9 alasiri hufanya vivyo hivyo. Osha kwa maji yasiyo na chumvi, asubuhi kabla kioo hakijapata moto, na kamwe usisugue kwa mchanga.

## Chumba baridi

22. Niweke nyuzi ngapi?

Nyanya 12 hadi 13, matango 10 hadi 12, hoho 7 hadi 10. Kushusha nyanya hadi nyuzi 5 ni hasara mbili: stima inapanda na nyanya zinapoteza ladha, kisha zinaoza madoa zikitoka. Mchicha unataka baridi zaidi, basi usiuchanganye na nyanya.

23. Chumba baridi kinakula tokeni. Nifanyeje?

Vuna alfajiri. Kilo 500 za nyanya zilizovunwa mchana na nyuzi 30 hubeba uniti 9.4 za joto la kuondoa kufika 13. Zikivunwa na nyuzi 25, ni 6.6. Umepunguza asilimia 30 ya mzigo huo kwa kubadilisha saa. Kreti zikisubiri, zisubiri kivulini.

Kisha mlango: mpira wake ubane karatasi ukiifungia, na pazia la plastiki liwepo. Ukuta uwe wa povu la milimita 100. Mashine ya nje iwe kivulini yenye nafasi ya kupumua, na mapezi yake yaoshwe kwa maji baridi ya kawaida kila mwezi, kwa sababu chumvi hula alumini na mashine hufanya kazi ndefu zaidi bila wewe kujua. Barafu ikijikusanya ndani, tafuta hewa inayoingia.

24. Chumba cha makaa kilicholoweshwa je?

Ni kizuri Machakos. Hapa kinabanwa na mpaka wa swali la 12: nyuzi 4 mchana, na karibu hakuna usiku. Kinafaa kushika mavuno kwa saa chache tu kabla ya gari kuja.

## Bili na hali zisizo za kawaida

25. Nimeunganishwa kama mteja mkubwa. Kwa nini nalipa zaidi ya uniti?

Wateja wakubwa wa kibiashara hulipia pia kilele cha mahitaji, yaani mzigo mkubwa zaidi uliovutwa kwa pamoja, kwa kVA. Chumba baridi, pampu na feni zikiwaka kwa wakati mmoja, kilele kinapanda na unalipia mwezi mzima. Zipishanishe kwa saa: pampu asubuhi, feni baadaye. Kipengele cha nguvu (power factor) kikishuka chini ya 0.9 kuna adhabu. Hutokana na mota kubwa zisizo na mzigo, na benki ya kapasita huirekebisha.

Kanuni za 2012 za usimamizi wa kawi ziliweka ukaguzi wa kawi kila miaka 3 kwa wanaotumia zaidi ya uniti 180,000 kwa mwaka. Vivungulio vichache havifiki hapo, ila shamba lenye vyumba baridi kadhaa liulize EPRA.

26. Stima ikipotea saa 7 mchana?

Kivungulio kilichofunguka kwa upepo hakitajua. Kilichofungwa kwa ajili ya pedi na feni kinaweza kuharibu mimea kabla hujapata dizeli. Kwa hivyo chenye feni kiwe na pazia linaloshushwa kwa mkono upande wa bahari, na mtu anayejua kulishusha.

Jenereta ya dizeli iliyobeba mzigo wa kutosha hula lita 0.3 hadi 0.4 kwa uniti. Ikibeba kidogo, zaidi. Usinunue ya kVA 20 kwa kazi ya 5. Feni za fezi tatu ziwe na kinga ya kukosa fezi moja, maana stima ikirudi nusu ndipo mota huungua.

27. Taa za kukuzia mimea?

Hapana kwa mazao ya matunda. Mchana mrefu na mfupi kabisa wa Mombasa haupishani hata kwa nusu saa, na jua tunalo.

28. Nitajuaje kitu kitanilipa lini?

Gawanya bei yake kwa uniti zinazookolewa kwa mwezi zikizidishwa na bei ya uniti kwenye bili yako, pamoja na tozo zote. Tuseme neti ya nje ni shilingi 40,000 na inazimisha feni kiasi cha uniti 150 kwa mwezi. Kwa shilingi 25 kwa uniti unaokoa 3,750, na neti imejilipa ndani ya miezi 11. Fanya hesabu hiyo kwa miezi ya joto peke yake, kisha kwa mwaka mzima. Kitu kinachojilipa Februari na kulala Julai kina hesabu tofauti na kinachofanya kazi kila siku, kama filta, neti safi na mpira wa mlango.